Hati Ipo, Lakini ni Hati ya Nini?

Ukiwa karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na kazi yako ni kupeleka makaratasi ya ardhi na kuyafuata, huhitaji kubandika tangazo. Arusini, matangani, hata penye foleni ya mahamri asubuhi, hakosi mtu wa kukuvuta kando. "Ebu nitazamie hii." Simu keshaitoa, na humo mna picha ya hati iliyopigwa upogo, kidole gumba kimefunika nusu ya nambari ya kiwanja. Swali huwa lile lile: iko sawa?

Mimi hati kuwepo hakunitulizi. Katika mji huu karibu kila anayeuza ana karatasi. Ninachotaka kujua ni karatasi ya nini, ya miaka mingapi, na kabla ya kumfikia huyu muuzaji ilikuwa kwa nani. Kwa hivyo nimeyaandika hapa yale ninayoulizwa kila siku, ili anayekuja nimtumie kiungo, nami ninywe chai yangu ikiwa moto.

Nianze na fleti, maana ndiyo homa ya sasa. Khalati yangu alipata moja Tudor, vyumba vitatu, dirisha linapata upepo wa bahari, bei nafuu kuliko zote alizozizungukia. Tukaomba upekuzi ofisi ya ardhi, na juu yake nikamwambia alipie nakala ya kadi yenyewe, yaani ile rekodi ya kiwanja inayowekwa ofisi ya ardhi. Upekuzi wa kawaida hukupa hali ya leo tu: nani mwenyewe, kuna rehani au hakuna. Kadi ndiyo yenye historia. Ikija ya kijani, ardhi ni ya kumiliki moja kwa moja, haina mwisho. Ikija nyeupe ni ya lizi, yaani ardhi imetolewa kwa miaka iliyohesabiwa, aghalabu 99, na mwenyewe hasa ni serikali, au kaunti, au mtu binafsi aliyeikodisha.

Ya khalati ilitoka nyeupe.

Kadi ina sehemu tatu. A ni ya ardhi: ukubwa wake, ramani yake, na kama ni lizi, ilianza lini na ni ya muda gani. B ni majina ya waliowahi kuimiliki, mmoja baada ya mwengine, na tarehe zao. C ni ya mizigo: rehani ya benki, kizuizi cha mtu anayedai, amri ya mahakama. Wanunuzi hukimbilia B, wakaliona jina la muuzaji, wakashukuru Mungu. Mimi huanza na C, nikarudi A, kisha B naisoma polepole kuanzia juu.

Kwenye A ya fleti ile paliandikwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1950. Hesabu mwenyewe: inakwisha mwisho wa 2048. Muuzaji alikuwa amebadilisha vigae, jikoni kaweka makabati yanayong'aa kama ya Dubai, lakini hakuna hata siku moja aliyotaja 2048. Khalati akaniuliza, "Sasa ikifika hiyo 2049 tutatolewa na polisi?"

Si hivyo. Ardhi ikiwa ya serikali, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, yataka Tume ya Taifa ya Ardhi imjulishe mwenye lizi ndani ya miaka mitano kabla ya muda kwisha, na raia wa Kenya aliyekuwa akiishikilia ana haki ya kufikiriwa kabla ya mtu mwengine yeyote, ila kama ardhi yenyewe yatakiwa kwa manufaa ya umma. Kanuni za kuongeza muda zilitolewa 2017. Lizi ya mtu binafsi nayo hufuata mlivyoandikiana. Basi mlango upo. Tatizo ni nani wa kuubisha. Anayeomba ni mwenye lizi ya ardhi, na kwenye fleti za mtindo ule, mwenye lizi ya ardhi si wewe uliye ghorofa ya tatu. Ni kampuni ya usimamizi, na wewe umepewa lizi ndogo ndani ya ile kubwa pamoja na hisa moja ya kampuni. Lizi ndogo haiwezi kuishi zaidi ya ile iliyoibeba.

Tukaitafuta kampuni. Wakurugenzi wawili: mmoja ameshafariki, wa pili yuko Canada. Ripoti za kila mwaka hazijapelekwa kwa msajili miaka na miaka. Wenye fleti wakichanga pesa za kisima na za mlinzi kupitia kundi la WhatsApp, na kila mtu akidhani mwenzake ndiye anayejua mambo ya karatasi. Kampuni ya namna hiyo yaweza kufufuliwa, lakini ni kazi, na ni lazima majirani wakubaliane, na nyinyi mwajua majirani wasiokubaliana hata juu ya pampu ya maji. Tena benki haipendi lizi iliyobakisha miaka michache, kwa hivyo mtu wa kukununulia kesho kwa mkopo atakuwa taabu kumpata.

Khalati alifikiri siku kadhaa, akaniambia, "Mie 2048 nitakuwa udongoni. Lakini nataka kuwaachia wanangu kitu, sitaki kuwaachia kesi." Akaiacha.

Fleti mpya zina njia nyengine sasa. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, yataka kila fleti iwe na hati yake yenyewe, imechorwa kwenye ramani ya jengo, pamoja na fungu lake katika vile vya wote: ngazi, lifti, maegesho, bustani, paa. Wenye fleti kwa pamoja wawa shirika linalosimamia jengo. Hata majengo ya zamani yalitakiwa yahamie huko, ingawa mengi bado. Kwa hivyo maswali ya kumuuliza muuzaji wa fleti ni haya, na uyaulize kabla ya kusifu mandhari: jengo limeshasajiliwa kwa sehemu au bado tuko kwenye hati mama, ile moja ya ardhi yote ya jengo? Hati mama iko benki? Paa ni la nani?

La paa watu hulicheka. Kuna jengo moja ninalolijua wenye fleti waliamka wakasikia nyundo juu ya vichwa vyao, mjenzi anaongeza ghorofa. Wakenda kusoma mikataba yao, wakakuta amejibakishia haki ya anga. Walitia saini wote. Kifungu kilikuwa ukurasa wa kumi na kitu, baada ya mambo ya taka na paka.

Na hati mama ikiwa na rehani sehemu ya C, msitulizwe na maneno ya "benki ni marafiki zetu". Takeni barua ya benki yenyewe kwamba ukimaliza kulipa fleti yako, itaiachilia fleti yako. Wanaonunua jengo lingali shimo ndio wa kushikilia hapa zaidi, kwa sababu mjenzi akishindwa na mkopo, benki haimjui mtu aliyelipa kwa awamu.

Sasa niingie kwenye letu, la Mombasa hasa: nyumba bila ardhi.

Mtu wa bara ukimwambia utamuuzia nyumba bila ardhi hudhani wamfanyia mzaha. Lakini nenda Majengo, nenda Kisauni, nenda Likoni, utakuta nyumba za watu waliozaliwa humo, na babu zao wakazaliwa humo, na mchanga uliopo chini ni wa mtu mwengine. Nyumba yako, ardhi yake. Kila mwezi au kila mwaka wamlipa kodi ya kiwanja, naye akupa risiti. Mambo haya yana mizizi mirefu kwenye ukanda huu wa pwani wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Ilipokuja sheria ya hati za ardhi ya 1908, waliojitokeza kudai wakapewa vyeti, na ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali. Mwenye cheti akawa mwenye ardhi, na aliyejenga juu yake akabaki na nyumba.

Swali: naweza kununua nyumba bila ardhi? Waweza, na watu wanunua kila siku. Lakini jua ununuacho. Wanunua kuta, paa na ruhusa. Ruhusa hiyo ndiyo mali yenyewe, na haiko mikononi mwa anayekuuzia.

Kwa hivyo kwanza mtafute mwenye ardhi. Fanya upekuzi wa ardhi uhakikishe kweli ni yeye, au warithi wake, na si binamu tu anayezunguka na kitabu cha risiti. Pili, itizame mikono ya muuzaji: risiti zake zimefika mwezi gani? Deni la kodi ya kiwanja utalirithi wewe, na mwenye ardhi hatakubali kukuandika mpaka lilipwe. Tatu, idhini yake iwe kwa maandishi, yenye saini, inayosema amekubali nyumba ihamie kwako na amekuandika kwenye daftari lake. Wengi hutoza pesa kwa hilo, na bei yao hupanda wakimwona mnunuzi ametoka ng'ambo. Nne, na hili ndilo wanalolipita mbio, uliza umeruhusiwa kujenga nini. Ruhusa nyingi za zamani zilikuwa za nyumba ya Kiswahili ya chini, ya udongo na makuti au mabati. Sasa mtu anunua nyumba ya udongo, aivunja, apandisha ghorofa tatu za mawe, na mwenye ardhi amekaa kimya. Kimya chake si idhini. Siku atakapoiuza ile ardhi kwa tajiri asiyekujua, tajiri atataka kuona karatasi, nawe utamwonyesha risiti ya kodi ya kiwanja.

Nimeona mzee wa Kisauni, mtu mzima wa heshima zake, ameketi kwenye ubao wetu wa kusubiria na bahasha ya risiti za tangu enzi za baba yake, nyengine zimeliwa na mende pembezoni. Kila moja ilikuwa halali. Hakuna hata moja iliyosema ghorofa.

Mimi siwakatazi watu nyumba bila ardhi. Wengi wetu tumelelewa humo, na kwa mwenye kipato kidogo ndiyo njia ya kulala ndani ya mji bila kuwa mpangaji wa chumba. Ila pesa za ghorofa usizimwage pale. Benki haitakukopesha kwa nyumba ile, na wewe mwenyewe jiulize kwa nini. Nunua nyumba ya kuishi, ikae ilivyo, na pakitokea mwenye ardhi anayekubali kukuuzia kiwanja, basi hapo uza hata ng'ombe.

Wakfu ni jambo jengine. Ardhi ikiwa imewekwa wakfu, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Nyumba juu yake yaweza kuwa ya mtu na akaiuza, lakini ukiona mtu akuuzia na ardhi ya wakfu, mwambie assalamu alaykum uende zako.

Halafu kuna wenye hati kamili, ardhi na nyumba, muhuri wa serikali, na bado nawaambia tusubiri. Hao ndio hunikasirikia. "Hati ni ya serikali, watilia shaka nini?" Nawajibu kwa kesi iliyotoka papa hapa Nyali. Kampuni ya Dina Management ilinunua kiwanja cha ufukweni, ikapata hati, ikajenga ukuta. Septemba 2017 kaunti ya Mombasa ikauvunja, ikisema ile ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakaamua: ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma, mgao wake wa mwanzo wa 1989 haukufuata sheria, na kwa kuwa mzizi ulioza, hati iliyofuata haikuweza kumlinda mnunuzi, hata akidai alinunua kwa nia safi. Aliyegawiwa mwanzo, kwa mujibu wa kumbukumbu za kesi, alikuwa rais wa wakati ule. Kama jina hilo halikuiponya ile hati, la muuzaji wako litaiponya?

Ndiyo maana B naisoma kuanzia juu. Kiwanja kilitolewa lini, na nani, kwa barua gani ya mgao, na kwenye ramani ya mji palikuwa pameandikwa nini kabla? Kikiwa karibu na pwani, shule, soko, makaburi, au kona ya barabara iliyopindika ghafla bila sababu, mpimaji aende na ramani ya zamani. Gharama ya mpimaji ni ndogo. Wanaolia ofisini kwetu hakuna aliyelilia pesa za mpimaji.

Mirathi sasa, haraka lakini msilipite. Kaka mkubwa anauza nyumba ya marehemu baba, funguo anazo, hati anayo, wadogo zake "wote wamekubali". Kwanza, hata Kadhi akishapiga mafungu, mtu hauzi nyumba ya marehemu mpaka hati ya usimamizi wa mirathi ithibitishwe na mahakama. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Urithi kimekataza, na sehemu hiyo ya usimamizi yatuhusu sisi Waislamu pia pale isipogongana na sharia. Pili, dada aliyeolewa Lamu ana fungu lake, na usipoona saini yake, hujanunua nyumba nzima. Mimi hutaka kuwaona warithi wote, au walau kusikia sauti zao.

Na mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya wote wawili. Sheria hiyo hiyo yawaruhusu Waislamu wafuate sharia katika mali ya ndoa, na wauzaji wengine hukimbilia hapo, lakini mawakili bado hudai ridhaa ya mke kwa maandishi na hati ya kiapo, nami nawaunga mkono. Mwenye wake wawili alete wawili. Kama aona haya kuwaambia kwamba anauza, hiyo ni habari tosha.

Walioko Muscat, Jeddah na London huuliza kama uraia wao utawazuia. Katiba ya 2010, ibara ya 65, yasema asiye raia hamiliki ardhi Kenya ila kwa lizi isiyozidi miaka 99. Mwenye uraia wa nchi mbili, Kenya ikiwa mojawapo, ni raia, hana shida. Lakini aliyekana uraia wa Kenya ili achukue wa nchi nyengine, na hajaurudisha, ahesabiwa mgeni hata kama kitovu chake kimezikwa Mji wa Kale. Fleti ya lizi bado yuaweza kununua. Shamba la milele la Kilifi, hapana. Na ukimpa ndugu yako hati ya uwakala akutilie saini, isajiliwe ofisi ya ardhi, na isiwe ya "kufanya lolote". Itaje kiwanja, itaje bei, itaje akaunti.

Kodi: mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, 2 kwa ya mashambani, na thamani huipanga mthamini wa serikali, si mliyoiandika nyinyi kwenye mkataba ili muibe kidogo. Fleti ya milioni 8 ni shilingi 320,000. Kodi ya faida ni ya muuzaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, kabla yake ilikuwa 5. Akijaribu kukusukumia, kataa. Reti za kaunti na kodi ya ardhi zilipwe na muuzaji mpaka siku ya kukabidhi, na vyeti vya kutodaiwa uvione.

Arubuni kwa kawaida ni asilimia 10, hukaa kwa wakili wa muuzaji, na mauzo hukamilika ndani ya siku 90. Haitumwi kwa simu ya dalali. Mkataba wa ardhi usipoandikwa, usipotiwa saini na pande zote na kushuhudiwa, hauna nguvu mahakamani. Ujumbe wa M-Pesa waonyesha tu kwamba ulikuwa na pesa.

Mwisho, lile ambalo huniuliza hata wale wanaonipenda: "Si utufanyie wewe tu, tukupe kitu, wakili ni ghali?" Hapana. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 34, yamkataza asiye wakili kutayarisha karatasi za kuhamisha ardhi kwa malipo, na karani ni karani hata awe amekaa meza hiyo tangu mashine za taipu. Njooni ofisini, mkae na wakili, muwe na nakala ya kadi, risiti na vitambulisho. Na jamani, hati ipigeni picha mchana, bila kidole.